Malisho Pamoja, Masikio Mbalimbali

Jumatatu asubuhi Nakolong alikwenda dukani kununua kiberiti. Njeri, mwenye duka, alikitoa rafuni, akakishika mkononi bila kumpa.

"Hiki ni cha tatu mwezi huu," alisema Njeri. "Kwani unatafuna vijiti?"

Nakolong alicheka kidogo, akalipa, akaenda zake. Hakumweleza sababu. Aliona aibu, na aibu ya mtu mzima haina dawa ya haraka.

Sababu ilikuwa hii. Nakolong alikaa Ngaremara, kando ya barabara kuu inayotoka Isiolo kwenda Moyale. Boma lao lilikuwa na nyumba nne za akina mama wanne, wote Waturkana, wote waumini wa kanisa moja. Enzi hizo hakuna aliyenunua kiberiti pale. Moto haukuzimika nyumba zote siku moja. Ukiamka ukakuta jivu lako limepoa, ulichukua kigae, ukaenda kwa jirani, ukasema, "Nipe moto." Jirani alikupa kaa, na pamoja na kaa alikupa habari zote: nani anaumwa, nani amejifungua, nani amenuniana na mumewe. Ukiketi kidogo, alikupa na chai.

Kisha ukame ukaja. Mvua ilikosa msimu mmoja, ikakosa wa pili, ikakosa wa tatu. Linda, rafiki yake mkubwa, alikwenda Oldonyiro kwa kaka yake. Natabo alikwenda Leparua. Mama Ekuam alichukuliwa na mwanawe, akahamia Isiolo mjini. Nakolong alibaki. Kaburi la mumewe lilikuwa pale, na binti zake wawili walikuwa wameolewa mbali. Hakuwa na kaka wa kumfuata popote.

Mvua ilirudi, lakini majirani hawakurudi. Nyumba tatu zikabaki na milango iliyofungwa kwa kamba. Asubuhi Nakolong alisalimia mbuzi wake, mmoja mmoja, kwa jina. Usimcheke. Mtu asiye na wa kumsalimia atasalimia hata sufuria. Jioni malori yalipita barabarani na taa zao, naye alikaa mlangoni akiyaangalia, akijiuliza kama Linda humkumbuka. Simu yake ilikuwa na chaji. Haikuita.

Jumatano ya wiki hiyo pikipiki ilisimama mbele ya boma. Alishuka kijana aliyevaa kofia ya shirika. Alikuwa Ndegwa, ofisa wa mifugo. Nakolong alimkumbuka, akafurahi kumwona. Mgeni ni mgeni. Alimpa kigoda, akamwekea chai ya maziwa.

Ndegwa alikunywa chai, akamaliza, ndipo akatoa karatasi.

Hapa lazima turudi nyuma kidogo. Kabla ya ukame, shirika la Ndegwa liliwapa akina mama hao wanne mbuzi jike wawili kila mmoja. Sharti lilikuwa moja. Baada ya miaka mitatu, kila mama angerudisha mbuzi jike mmoja mchanga, ili apewe mama mwingine wa kikundi kingine. Shirika liliwaambia waandike ahadi yao wenyewe kwa Kiingereza, kwa sababu wakubwa wa ofisi walisoma Kiingereza. Nakolong ndiye aliyekuwa amefika kidato cha pili. Akawa katibu. Akaandika.

Aliandika vizuri, kwa mwandiko wa kulala. Lakini aliona barua yake ni nyepesi mno, haina uzito wa ofisi. Kanisani kulikuwa na karatasi ya zamani ya kukodi hema. Ndani yake aliona maneno matatu yaliyompendeza sana: "jointly and severally". Alitafuta maana katika kamusi ya shule. Neno la kwanza lilikuwa pamoja. Neno la mwisho lilikuwa mmoja mmoja. Nakolong akafurahi. Aliona maneno hayo yanasema maisha yao kabisa.

Maana mbuzi wao walilishwa pamoja. Akina mama walipokezana zamu, na kundi lilikuwa moja. Lakini kila familia ilikuwa na alama yake ya sikio. Mbuzi wa Nakolong alikatwa ncha ya sikio la kulia. Wa Linda alikatwa mara mbili upande wa nyuma. Jioni kundi liliporudi, kila mama aliangalia masikio, akawatoa walio wake, na hakuna aliyegombana na mwenzake. Walikuwa na msemo wao: "Malisho pamoja, masikio mbalimbali." Na mbuzi wa kurudisha kwa shirika walikubaliana asikatwe sikio kabisa. Sikio zima lilisema: huyu si wangu, ninamtunzia mwingine.

Basi Nakolong aliandika yale maneno matatu kwenye barua. Aliwaambia wenzake ni Kiingereza cha malisho na masikio. Wenzake walimwamini, wakaweka vidole gumba.

Sasa Ndegwa aliinyosha karatasi hiyo juu ya goti lake.

"Mama, muda umefika," alisema. "Kikundi kipya kinangoja. Nimekuja kuona wale mbuzi wanne."

"Wangu yuko," Nakolong alisema. "Yule pale mwenye masikio mazima. Wengine watatu uwaulize wenyewe. Walihama."

Ndegwa alikuna shingo. Alikuwa kijana mwenye adabu, na hakupenda alichopaswa kusema.

"Mama, kwa karatasi hii sina haja ya kuwatafuta. Mliandika jointly and severally. Maana yake ofisi inaweza kumdai yeyote kati yenu mbuzi wote wanne. Na wewe ndiye niliyekukuta. Nitarudi baada ya wiki tatu."

Nakolong aliwatazama mbuzi wake. Alikuwa na mbuzi watano tu. Ukitoa wanne, anabaki mmoja, na mbuzi mmoja si kundi. Hana maziwa ya kuuza, hana cha kumkalisha Ngaremara. Naye angefunga mlango wake kwa kamba, aende akakae kwa mkwe, mzigo juu ya mzigo. Ndegwa aliaga. Pikipiki iliondoka, vumbi likatua, na boma likawa kimya kuliko lilivyokuwa asubuhi.

Kilichomuumiza zaidi hakikuwa mbuzi. Alikumbuka jinsi alivyowaambia wenzake, huku akijisifu, kwamba maneno yale ni mazuri. Aliona amechimba shimo mwenyewe kwa mkono wake, na sasa yumo ndani peke yake.

Siku mbili hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Siku ya tatu kiberiti kiliisha, akarudi dukani.

Njeri alimtazama usoni, akaacha utani. Alimwita nyuma ya meza, akampa kiti. Nakolong alitoa nakala ya barua kwenye kanga, akaiweka juu ya gunia la unga. Hakujua kwamba alikuwa ameketi mbele ya mtu aliyeyajua maneno yale vizuri kuliko wote Ngaremara. Njeri, kabla ya kustaafu na kufungua duka, alikuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini na miwili.

Njeri alivaa miwani, akasoma barua yote mara mbili.

"Nani aliyeandika?" aliuliza.

"Mimi."

"Umeandika vizuri. Lakini hapa umenyoa mtoto kwa panga. Panga si baya, lina kazi yake, ila si hiyo."

Nakolong alimweleza habari ya malisho na masikio. Njeri alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka.

"Nimeelewa ulivyofikiri," alisema. "Sasa nikupe mfano. Nyinyi wanne mmeazima punda mmoja kwangu. Mmeniahidi jointly and severally kwamba mtamrudisha. Punda akipotea, mimi sizunguki nyumba nne nikidai mguu hapa, mkia pale. Naingia nyumba yoyote ninayotaka, namdai aliye ndani punda mzima. Umenielewa? Pamoja mnadaiwa punda mzima, na kila mmoja peke yake anadaiwa punda mzima."

"Hata kama si mimi niliyempoteza?"

"Hata kama hukumgusa. Ukishanilipa, una haki ya kuwafuata wenzako watatu, kila mmoja akupe sehemu yake. Lakini hiyo ni kazi yako. Mimi punda wangu nimepata, nimelala. Maneno haya yanamlinda anayengoja kupewa. Hayamlindi anayetoa."

Lori lilipita nje, mitungi rafuni ikatikisika.

"Sasa mfano wa pili," Njeri aliendelea. "Kila mmoja wenu ameazima kwangu mtungi wake. Wewe unarudisha wako, Linda wake. Linda akivunja wake, sikuulizi wewe. Hayo ndiyo masikio mbalimbali. Hayo yanaandikwa severally and not jointly. Halafu unaandika wazi: kila mama, mbuzi wake mmoja, jina lake, tarehe yake. Hapo ndipo kila sikio lina mwenyewe."

"Basi nitafuta yale, niandike haya."

"Huwezi. Karatasi ya watu wanne na ofisi haibadilishwi na mtu mmoja na kalamu yake. Ofisi ikubali, nanyi nyote wanne mweke vidole upya. Na safari hii usiandike neno ambalo huwezi kumweleza anayeweka kidole. Itabidi uwatafute."

Hapo Nakolong aligeuza uso. Alisema hawezi kuwatafuta. Waliondoka wakamwacha na hata simu hawakupiga. Linda, ambaye walishirikiana naye hadi chumvi, hakupiga hata siku moja.

"Na wewe ulimpigia?" Njeri aliuliza.

Nakolong hakuwa amempigia. Alikuwa akingoja yeye apigiwe kwanza.

"Mficha uchi hazai," Njeri alisema kwa upole. "Nenda ukawaambie una shida."

Siku hiyo hiyo Nakolong alimpigia Ndegwa. Ndegwa alikiri kwamba hata yeye hakupenda jambo lile. Alisema akiletewa akina mama wote wanne kabla ya wiki tatu kuisha, ataomba wakubwa wake wakubali karatasi mpya.

Mama Ekuam hakuwa na matata. Nakolong alimkuta Isiolo mjini, nyuma ya nyumba ya mwanawe, akiuza mboga. Mbuzi wake wa masikio mazima alikuwa amefungwa kwenye mti, amenenepa kwa maganda ya viazi. Alimkumbatia Nakolong kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukipima sukuma wiki ya mteja.

Natabo alikuwa habari nyingine. Nakolong alipofika Leparua aliambiwa Natabo hayuko. Alikaa chini kivulini, akangoja. Baada ya muda mrefu Natabo alitoka ndani ya nyumba ile ile waliyosema hayuko. Alikuwa amekonda. Mbuzi wake wote walikufa katika ukame, na tangu hapo akisikia pikipiki alijificha, akidhani ni watu wa shirika.

"Nilitaka kukupigia," Natabo alisema. "Kila nikishika simu niliona haya. Ningekuambia nini? Sina hata kwato."

Nakolong alikuwa amekuja na hasira yake tangu Ngaremara. Aliitafuta pale, hakuiona. Alikuwa amefikiri ni yeye pekee anayekaa akiangalia simu.

Oldonyiro alifika siku ya soko la mifugo. Vumbi lilikuwa jingi, madalali wakikagua meno ya mbuzi, magari yakipakiwa. Alimkuta Linda pembeni, kwenye kibanda cha chai. Linda alimwona, akaweka birika chini. Hawakukumbatiana.

"Umekuja kunidai," Linda alisema.

"Nimekuja kukuona," Nakolong alisema. Kisha, kwa kuwa hakuweza kumdanganya Linda, akaongeza, "Na kukudai pia."

Linda alimwachia kibanda mwanamke jirani, akamwongoza hadi nyumbani kwa kaka yake. Zizi lilikuwa kubwa. Mbuzi wote mle walikuwa na alama ya kaka yake, sikio la kushoto limepasuliwa katikati. Wote, isipokuwa mmoja, jike jeupe lenye doa shingoni. Masikio yake yalikuwa mazima, hayajaguswa na kisu.

"Mara mbili kaka yangu alitaka kumkata sikio," Linda alisema. "Nilimkatalia. Nilimwambia huyu si wetu, ana wenyewe, nina ahadi na watu wa kwetu. Aliniuliza, watu gani hao, mbona hawakujulii hata hali?"

Nakolong alishika ukuta wa miba, ukamchoma, hakuachilia. Alilia. Miezi yote ile alidhani amesahauliwa, kumbe huku mbali mtu alikuwa akisimama mbele ya kisu kwa ajili ya ahadi yao. Alimweleza Linda kila kitu: karatasi, mbuzi wanne, na kwamba kosa la maneno lilikuwa lake. Linda alimsikiliza, kisha akasema hata yeye aliweka kidole bila kuuliza, kwa hiyo kosa wagawane.

Ijumaa ya wiki ya tatu walikutana wote wanne nyuma ya duka la Njeri. Ndegwa alikuja na jibu la ofisi: wamekubali. Nakolong aliandika, Njeri akaangalia juu ya bega lake bila kushika kalamu. Kila jina lilipata mstari wake, mbuzi wake na tarehe yake, na mwisho yakaja yale maneno, severally and not jointly. Kabla ya mtu kuweka kidole, Nakolong alieleza kila mstari kwa Kiturkana, na akamwomba kila mmoja arudie alichosikia. Mbuzi watatu wa masikio mazima walikabidhiwa siku ile. Natabo aliongezewa mwaka mmoja.

Lakini mwaka mmoja bila mbuzi hauzai mbuzi. Natabo alikaa na kidole chake cheusi kwa wino, akitazama chini. Nakolong alimnong'oneza Linda. Linda aliitikia kwa kichwa. Wakamwambia Natabo kwamba wao wawili watampa mbuzi jike mmoja, mwenye mimba. Wa kwanza atakayezaliwa jike atamrudisha kwa shirika, na mama mbuzi atakuwa wake.

Natabo hakushangilia.

"Nyinyi ni wema," alisema. "Lakini wewe uko Ngaremara na huyu yuko Oldonyiro. Nikija kwako utaniambia nimwone Linda. Nikifika kwa Linda ataniambia nirudi kwako. Nitatembea mpaka nife."

Nakolong alichukua karatasi nyingine. Aliandika kwa Kiswahili kwamba yeye na Linda wanaahidi kumpa Natabo mbuzi jike mmoja mwenye mimba kabla ya mwezi kuisha. Kisha kalamu yake ikasimama. Akaandika: jointly and severally.

Njeri alivua miwani. "Una hakika?"

"Nina hakika. Safari hii nayajua." Alimgeukia Natabo. "Maneno haya ni yako, si yetu. Ukimkosa Linda, njoo kwangu, udai mbuzi mzima. Ukinikosa mimi, nenda kwa Linda, udai mbuzi mzima. Hakuna atakayekuambia nenda kwa mwenzako."

Linda aliomba aelezwe mara moja zaidi, akaelewa, akaweka kidole.

Jioni Linda alirudi Oldonyiro. Ana kibanda chake kule, na hakusema atahama. Nakolong alimsindikiza hadi barabarani, akarudi peke yake, akafungua mlango wake, akawasha moto kwa kiberiti. Mbuzi walikuwa wanne sasa. Upweke ulikuwa pale pale ulipokaa siku zote, ingawa usiku ule simu iliita, Linda akasema amefika salama.

Wiki ya mwisho ya mwezi Natabo alikuja na karatasi yake. Linda hakuwa amepata usafiri wa kuleta mbuzi, basi Natabo akaja kwa Nakolong, kama karatasi ilivyosema. Nakolong aliinuka. Aliingia zizini, akamtoa mbuzi wake mwekundu, mwenye tumbo lililoshuka. Natabo alimpapasa ubavu. Mbuzi alikuwa karibu mno kuzaa, asingeweza safari ya Leparua. Basi Natabo alikwenda kwenye nyumba yake ya zamani, akaifungua ile kamba mlangoni, akafagia.

Mbuzi alizaa siku ya nne, watoto wawili, mmoja jike. Natabo alisema atangoja wapate nguvu. Walipopata nguvu, alisema majani ya huku si mabaya. Kisha akaanza kukandika ukuta. Linda naye alituma jike mmoja mchanga kwa gari la wafanyabiashara, sehemu yake kwa Nakolong, bila kudaiwa.

Asubuhi moja ya baridi Nakolong alikuwa amechutama mbele ya moto wake akichemsha chai. Alisikia hatua nje. Natabo alisimama mlangoni, kigae mkononi.

"Wangu umezimika," alisema. "Nipe moto."

Nakolong alimchagulia kaa kubwa zaidi. Kisha akamwambia aketi kidogo, chai iko karibu.

Mwezi ule wote Njeri alimwona Nakolong akinunua sukari, akinunua majani ya chai, akinunua chumvi. Kiberiti hakununua.